Shali ya sufu iliyovimba maua: kisa kimoja cha Patiala

Biji aliichukua shali mikononi mwangu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza. Maua hakuyatazama hata kidogo. Aliitandika juu ya kitanda cha kamba pale uani, upande wa nyuma ukiwa juu, akavaa miwani yake, akaanza kupitisha kidole gumba juu ya mafundo, polepole, kutoka ncha moja hadi nyingine. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Puttar, hii wameishona wanawake wawili. Mmoja alikuwa na haraka."

Puttar ni mwanangu, kwa Kipunjabi. Biji ndivyo anavyoitwa mama au bibi wa nyumba, na huyu alikuwa mama mzazi wa mwenye nyumba niliyopanga. Ilikuwa mwisho wa Januari, mjini Patiala, jimbo la Punjab, India. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania, mwaka wangu wa kwanza huko, na shali niliyompelekea ilikuwa imeharibika kwa kufuliwa. Aliyeiharibu nilikuwa nimekwisha kumjua, au ndivyo nilivyodhani: dobi wa mtaani kwetu. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nilimhukumu mtu wa mwisho aliyeishika nguo, na shali yenyewe ilikuwa na ushahidi tofauti kabisa, ila mimi sikujua pa kuutafuta.

Shali na maneno matatu ya muuzaji

Niliinunua Novemba, kwa rupia 2,600 baada ya kuvutana sana bei. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Katikati ilitawanyiwa vimaua vidogovidogo, na kila ncha ilijaa maua makubwa mekundu, ya machungwa na ya kijani, kiasi cha sentimita 35 kuingia ndani. Muuzaji aliniambia mambo matatu: kwamba ni sufu tupu, kwamba ni phulkari, yaani maua ya kudariziwa ya Kipunjabi, na kwamba ni kazi ya mkono. Nilikusudia kumpelekea mama kwetu Makete, Tanzania, ambako Juni na Julai mtu huamka akakuta umande umeganda kwenye majani.

Lakini mimi sikujua kwamba Punjab nayo ina baridi. Nilikuwa nimeisikia India ya jua kali, na jua kali lipo kweli, ila Desemba ukungu ulishuka, ukakaa. Siku nyingine hukuona nyumba ya ng'ambo ya barabara mpaka saa tano asubuhi. Nikaivaa shali ya mama. Usiku wa tarehe 13 Januari, sikukuu ya Lohri, watu wanapozunguka moto na kula karanga na ufuta wa sukari, nilimwagikiwa mchuzi wenye manjano. Kesho yake nikaipeleka kwa dobi.

Neno dobi tulilichukua hukohuko India. Nilipolisikia mara ya kwanza mtaani Patiala nilihisi kama mtu ameniita kwa jina la nyumbani, na labda ndiyo maana nilimwamini mzee yule tangu siku ya kwanza. Aliirudisha siku ya sita. Doa la manjano lilikuwa limefifia. Lakini shali ilikuwa na mambo mengine matatu. Kwanza, maua yote makubwa yalikuwa yamevimba, kila ua limeinuka kama lengelenge la moto, na sufu iliyolizunguka imejikunjakunja. Pili, katika ncha moja, kila ua jekundu lilikuwa limezungukwa na duara la waridi lililochujia kwenye sufu nyeupe. Tatu, nyuzi za maua zilikuwa zimechomoka hapa na pale, zikaning'inia kama vitanzi.

Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mtu wa umri wa baba yangu. Nilisema ametumia maji ya moto na sabuni ya unga. Yeye alirudia jambo moja tu: "Maji baridi, bhenji. Maji baridi." Bhenji ni dada. Hakuchukua malipo yake. Nami niliondoka nikiamini kwamba kukataa pesa ni kukiri kosa.

Biji na upande wa nyuma

Ili kuelewa kwa nini bibi yule aligeuza shali kabla ya yote, lazima nieleze phulkari ni nini. Phul ni ua, kari ni kazi. Phulkari ya zamani hudariziwa juu ya khaddar, kitambaa kizito cha pamba iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono, kilichotiwa rangi nyekundu ya hudhurungi, mara nyingine buluu au nyeupe. Kwa kuwa kitanda cha mfumaji, yaani mtambo wa kufumia, kilikuwa chembamba, vipande viwili au vitatu viliungwa ndipo ukapatikana mtandio wa kumfunika mtu. Uzi wa maua huitwa pat: hariri isiyosokotwa, inayong'aa kama maji.

Na mshonaji hufanya kazi akiwa upande wa nyuma. Hilo lilinichukua muda kuliamini. Hachori kitu. Anahesabu nyuzi za kitambaa, mtande na mshindio, anaokota uzi mmoja wa khaddar kwa sindano, anaruka kadhaa, anaokota mwingine. Upande wake yeye huona vidoti tu vya rangi, vimejipanga kama mchanga. Upande wa pili, asiouona, mishono mirefu ya hariri inalala mmoja kando ya mwingine na ua linajitokeza. Anayedarizi phulkari hutengeneza kitu ambacho hakioni mpaka akigeuze. Kwa hiyo akikabidhiwa kazi ya mwenzake, hugeuza kwanza. Nyuma ndipo mwenzake alipokuwa amekaa.

Familia ya Biji ilitoka Bahawalpur, upande ambao leo ni Pakistan. Mwaka 1947, Punjab ilipokatwa vipande viwili, wao walikuwa miongoni mwa wakimbizi waliopewa makazi Patiala, katika mtaa wa Tripuri. Biji alivuka akiwa mtoto wa kubebwa. Wanawake wa Tripuri waligeuza sindano kuwa njia ya kulisha watoto, na mpaka leo mtaa ule unajulikana kwa phulkari. Mwaka 2021 serikali ya India ilimpa mmoja wa wadarizi wake, Lajwanti, nishani ya Padma Shri. Kabla ya ukimbizi huo phulkari haikuwa hasa kitu cha kuuzwa. Ilikuwa ya mwili wa mtu anayejulikana. Bibi mzaa mama alianza kudarizi chope ya mjukuu wa kike tangu alipozaliwa, ili siku ya harusi, akitoka kuoga, ajifunike nayo. Upande wa bwana harusi, bibi mzaa baba alidarizi vari da bagh, na bibi harusi alivishwa siku anayokabidhiwa funguo za nyumba. Bagh maana yake bustani: ni phulkari iliyojaa mpaka kitambaa chenyewe hakionekani. Kazi kama hiyo huenda mwaka na zaidi.

Nasema haya kwa sababu Biji hakukasirika na shali yangu kwa kuwa si ya kizamani. Nilitarajia aseme ni feki, nikatarajia hata kupata faraja katika neno hilo. Hakulisema. Alisema, "Tuione."

Akaanza na neno la tatu la muuzaji, kazi ya mkono. Alinionyesha kwamba nyuma ya maua kuna uzi mmoja tu, uleule wa mbele. Mashine ya kudarizi hushona kwa nyuzi mbili. Ule wa chini, mara nyingi mweupe, huonekana nyuma ya kila ua. Hapa haukuwapo. Katika ncha ya kulia mikia ya uzi ilikuwa imefichwa chini ya mishono, safi. Katika ncha ya kushoto kila uzi ulianza na fundo na kuishia na fundo, na baina ya ua na ua mshonaji hakukata uzi, aliuburuta nyuma kwa nyuma. Hao ndio wanawake wawili. Neno la tatu lilikuwa kweli.

Neno la kwanza tulilijaribu kwa kiberiti. Alichomoa uzi mmoja wa pindoni, akauchoma kwenye kisahani cha chai. Ulinuka nywele zilizoungua, ukajizima wenyewe, ukaacha jivu jeusi lililosagika vidoleni. Ingekuwa akriliki, uzi wa plastiki, ingeyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Sufu, basi, ilikuwa sufu. Kisha akachoma uzi wa ua. Huo ukashika moto kama karatasi, ukanuka karatasi, ukaacha majivu mepesi ya kijivu. Hariri hunuka nywele kama sufu, maana zote hutoka kwa wanyama. Uzi wa maua haukuwa hariri. Ulikuwa viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na mti, unaong'aa vizuri na ulio rahisi kuliko pat mara nyingi.

Likabaki neno la kati: phulkari.

Biji aliinua ua moja la pembeni kwa kucha, na chini yake, kwenye sufu, kulikuwa na mstari hafifu wa buluu. Chapa. Siku hizi mchoro hutobolewa matundu kwenye karatasi, karatasi hulazwa juu ya kitambaa, kisha hupitishwa rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa, ikaacha vidoti vya kufuata. Anayefuata chapa hahesabu nyuzi, na hushona akiwa upande wa mbele, akijaza ua kama mtoto anavyojaza rangi kwenye picha.

Nisieleweke vibaya. Kuchora kabla ya kudarizi si aibu. Kofia zetu za Zanzibar na Lamu huchorwa kwanza ndipo zikatobolewa na kushonwa, na hakuna anayezitilia shaka. Punjab yenyewe ina sainchi, phulkari ya upande wa Bathinda na Faridkot, yenye picha za watu, wanyama, vito na hata gari la moshi, nazo huchorwa kwa wino kabla ya sindano. Shida ya chapa kwenye shali yangu haikuwa ya heshima. Ilikuwa ya ufundi. Anayehesabu nyuzi hawezi kushona mshono mrefu kuliko kitambaa kinavyoweza kuubeba, kwa sababu kila baada ya nyuzi chache anarudi kuokota. Anayefuata mchoro anaweza kuvuka ua zima kwa mshono mmoja. Katika shali yangu nilipima mishono yenye urefu wa sentimita 1 na nusu, imelala juu bila kushikwa na kitu. Kwenye khaddar, pamba ile ya kukwaruza ingeubana uzi walau kidogo. Sufu laini iliyochanwa vinyweleo haibani. Hivyo vitanzi vilivyoning'inia vilikuwa vinangojea kifungo, pete, ukucha, chochote.

Tena phulkari hupata uhai wake kwenye mwanga. Mshonaji hulaza mishono ya sehemu moja wima na ya sehemu jirani kwa ulalo, kwa uzi wa rangi ileile, na jua likipiga unaona rangi mbili. Mtu akitembea, nguo inabadilika. Maua ya shali yangu yote yalielekea upande mmoja. Yalikuwa mekundu, basi.

Sufu na sindano zilikutania wapi

Ni haki kuuliza kwa nini phulkari iko juu ya sufu, ikiwa kwao ni pamba. Sufu si mgeni Punjab. Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga, aliiteka Kashmir mwaka 1819, na wafumaji wa shali wakaanza kushuka Punjab. Njaa kubwa ya mwaka 1833 ikawashusha wengi zaidi. Walihamia Amritsar, Ludhiana na Nurpur, wakaendelea na kazi yao. Amritsar inafuma shali mpaka leo, na Ludhiana ndiko sweta nyingi za India zinakotoka. Kwa hiyo kwa karibu miaka 200 shali ya sufu na phulkari ziliishi mkoa mmoja bila kuoana. Shali ilikuwa kazi ya wanaume kwenye karakana, kwa ajili ya soko na wenye mali. Phulkari ilikuwa kazi ya wanawake uani, kwa ajili ya binti.

Soko la sasa ndilo lililozioanisha. Wateja wanataka phulkari ya kuvaa majira ya baridi, nyepesi kuliko khaddar, ya rangi wanazopenda. Mimi naona ni ndoa nzuri. Nimeona baadaye shali za sufu zilizofumwa wazi, nyuzi zinahesabika, zimedariziwa kwa kuhesabu, na sikutaka kuziachia mkononi. Ila ndoa hii ina masharti yake, na kwenye shali yangu hakuna aliyeyaangalia: si mfanyabiashara aliyegawa kitambaa na uzi, si mchora chapa, si muuzaji. Wadarizi wawili walipewa walichopewa, kila mmoja nyumbani kwake, kwa malipo ya kipande. Aliyekuwa na haraka alikuwa na sababu ya kuwa na haraka.

Ncha mbili, maji yaleyale

Sasa turudi kwenye madhara, maana hapa ndipo hukumu yangu ilipoanza kubomoka.

Duara za waridi zilikuwa kwenye ncha ya kushoto peke yake. Biji alilowesha kitambaa cheupe cha pamba, akakibana juu ya ua jekundu la kushoto tukanywa chai. Alipokiinua kilikuwa na rangi. Akafanya hivyo kulia. Kikatoka cheupe. Maji yaleyale, mikono ileile ya dobi, paa lilelile la kuanikia, lakini ncha moja ilichuja na nyingine haikuchuja. Wanawake wawili walikuwa wamepewa uzi mwekundu kutoka mitungi miwili tofauti ya rangi, na wa kushoto rangi yake haikushikishwa vizuri. Nilikaa kimya pale. Ingekuwa ni maji ya moto, ncha zote mbili zingeona moto uleule.

Lakini uzi unaochuja nao hauchuji wote mara moja. Kesho yake nilikwenda kwa dobi, si kwa ugomvi safari hii, nikamwomba anieleze alivyofanya, hatua kwa hatua. Alifua kwa maji baridi, kwa mkono. Aliikamua kwenye mashine ya kuzungusha. Akaianika juu ya paa asubuhi. Jua halikutoka. Jioni akaiteremsha ikiwa bado na maji, akaikunja pamoja na nguo nyingine isilowe umande, asubuhi akaianika tena. Siku tatu mfululizo ukungu haukuondoka. Shali ya sufu, ambayo hunywa maji kuliko pamba, ilikaa mbichi siku tatu, usiku imekunjwa, ua jekundu limelala juu ya weupe. Rangi ilipata muda wa kutembea.

Hiyo ndiyo sehemu yake dobi, na alipoisimulia aliitambua mwenyewe kabla sijasema neno. Lakini hata hiyo ni nusu. Mimi ndiye niliyempa shali ya sufu katikati ya Januari, kwa doa ambalo lingetoka kwa kitambaa chenye maji na kidole.

Malengelenge yalikuwa na asili nyingine, na hili ndilo lililonifundisha zaidi. Maua yalivimba ncha zote mbili, sawasawa. Biji aliniuliza: kwa Kiswahili chenu, nguo ikiwa ndogo baada ya kufuliwa mnasemaje? Nikamwambia: tunasema imerudi. Nikamfafanulia neno lenyewe, kwamba ni kurudi kama mtu anavyorudi kwao. Akapiga paja lake. "Ndivyo hasa ilivyofanya!" Sufu ile ilikuwa imekazwa kwenye fremu ili chapa na maua vikae sawa, ikavutwa kila upande, ikashonwa ikiwa imevutwa, kisha ikapigwa pasi ya mvuke ilale. Yeye hakuwahi kutumia fremu; hushika kitambaa mkononi, kikiwa kimelegea. Siku shali ilipopata maji ya kutosha kwa mara ya kwanza, sufu ikalegea na kurudi kwenye kimo chake. Uzi wa viskosi uliokuwa juu yake haukurudi. Ua likabaki kubwa kuliko ardhi yake, likakosa pa kwenda, likainuka. Ile mashine ya kukamulia ilizidisha, maana sufu ikisuguliwa mbichi vinyweleo vyake hushikana. Lakini lengelenge lilikuwa limeshonwa ndani ya shali siku ilipotengenezwa. Mtu yeyote ambaye angeifua, kwa upole wowote, angelikuta.

Matengenezo

Biji alitoa njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha, kuinyoosha kadiri inavyowezekana na kuivaa hivyo. Ya pili ni kufumua ncha ya kushoto yote na kuanza upya. Nilichagua ya pili, na akanipa mkasi mdogo na sharti moja: nifumue mwenyewe, kutokea nyuma, bila kugusa uzi hata mmoja wa sufu. Wiki tatu, kila jioni baada ya masomo. Sijawahi kumjua mtu nisiyemwona kama nilivyomjua yule mwanamke wa haraka. Nilijua alikuwa akishona kutoka kulia kwenda kushoto, kwamba alikaza mno akichoka, kwamba kuna ua moja alilifanya vizuri ajabu, mishono mifupi, iliyolingana, kana kwamba siku hiyo mtoto alilala mapema.

Kisha tukailoweka shali yote kwenye maji baridi kwa dakika chache, siku ya jua, tukaikamua kwa kuiviringisha ndani ya taulo bila kuisokota. Tukaitandaza juu ya shuka kwenye kitanda cha kamba, tukaibana kwa pini kuzunguka pindo zote, tukiivuta kidogokidogo mpaka kingo zikanyooka. Haikufika kimo chake cha dukani na Biji hakutaka ifike. Kile kimo kilikuwa cha uongo. Upana ulisimama kwenye sentimita 95. Jioni ilikuwa kavu. Malengelenge ya ncha ya kulia yalishuka, si yote, lakini mtu asiyeambiwa haoni.

Duara za waridi zilififia bila kuisha. Biji hakutaka dawa ya kung'arisha. Ile ya klorini hula sufu. Alipopanga maua mapya alizipandishia majani madogo pale zilipokuwa, jani moja kwa kila duara, na ncha ya kushoto ikawa na majani mengi kuliko ya kulia. Uzi ulikuwa pat ya hariri aliyokuwa ameiweka kwenye sanduku lake la bati, ameifunga kwenye kitambaa na majani makavu ya mwarobaini, ambao kwao huitwa nim na huwekwa kwenye nguo za sufu kama sisi tungeweka, kufukuza nondo. Kabla ya kuutumia aliuloweka usiku kucha, akabadilisha maji mpaka yakabaki meupe. Mishono yake haikuzidi nusu sentimita. Sufu ile ilikuwa ngumu kuhesabika, lakini aliweza kuokota, na nyuma ya ncha ya kushoto sasa kuna vidoti tu, hakuna fundo hata moja.

Alikataa pesa. Nilimpa doti ya kanga niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Aliigeuza, bila shaka, akaangalia nyuma, akaridhika kwamba rangi imepenya. Kisha akataka kujua maandishi yanasemaje. Yalisema: Mgeni njoo mwenyeji apone. Nilipomtafsiria alicheka, akajifunga moja kichwani papo hapo, nyingine akamtuma mjukuu akaiweke sandukuni.

Kwa muuzaji sikurudi kudai kitu. Alisema maneno matatu na mawili yalikuwa kweli. Hata la kati silioni kuwa uongo wa makusudi. Sokoni Patiala leo kila ua lililojazwa uzi unaong'aa huitwa phulkari. Ninalolitaka ni jingine: shali ya namna hii iuzwe na maelezo yake. Kwamba maua ni ya viskosi, kwamba ilishonwa ikiwa kwenye fremu, kwamba haijaoshwa kabla ya kushonwa. Mteja akijua atainunua vilevile, huenda kwa bei ileile, na ataipeleka kwa mtu wa kuisafisha bila maji. Na mfanyabiashara akiloweka sufu na uzi kabla ya kuwagawia wadarizi, anapoteza siku mbili tu, na siku hizo mbili zingeniokolea wiki tatu za kufumua na dobi asingetukanwa.

Dobi nilikwenda kumwomba radhi mwezi wa Februari, na nikamlipa kazi yake ya Januari. Alizipokea pesa, akazihesabu, akaniuliza Biji amesema nini kuhusu rangi. Nikamweleza habari ya ncha mbili. Aliniomba nimwonyeshe, na alipoiona shali, naye aliigeuza.

Mama alivishwa shali yake Juni nilipomaliza masomo. Lakini majira ya baridi kabla ya hapo nilikuwa nimepata nyingine, ya kijivu, ya kwangu, yenye maua machache, nikaipeleka kwa dobi mapema Januari. Aliishika, akabonyeza uzi mwekundu kwa kidole chenye maji, akakitazama kidole. Akatazama juu, kule ambako jua lingekuwa. Kisha akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Leo hapana, bhenji. Ulete ukungu ukiondoka."